Kilimanjaro mbili

(Haya ndio niliyoongea Jumamosi kwenye ile jioni yetu ya Waswahili hapa Manchester, ile ambayo kila mwezi mtu mmoja anasimama kueleza kitu anachokipenda. Kuna waliokosa kuja wakaniomba niwaandikie, basi nimeandika vile vile yalivyotoka mdomoni, msinishike sana.)

Wazee wangu shikamooni. Kina mama, kaka na dada, na nyinyi watoto mliojipanga pale karibu na sinia la sambusa, hamjambo.

Najua wengine mlipoona kwenye grupu ati mwezi huu mtu ataongea kuhusu vioo na treni ndogo mlicheka, na mzee mmoja sitamtaja amenishika mkono hapo mlangoni akaniuliza, "mwanangu, na mvi hizo bado wacheza na gari?" Nikamwambia ndio mzee, nacheza, na siachi leo wala kesho.

Wacha nianze na hio gari yenyewe manake ina uhusiano na mji huu. Wale waliopanda reli ya Mombasa na Nairobi miaka ile ya moshi watazikumbuka injini kubwa za rangi ya damu ya mzee, zile Garratt za klasi ya 59, zenye tangi la maji mbele, boila katikati, makaa nyuma, no, samahani, si makaa, zilikuwa za mafuta. Zilikuwa 34, kila moja imepewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na zote zilitengenezwa hapa hapa Manchester, Gorton, kwenye kiwanda cha Beyer Peacock, mwaka 1955 na 1956. Yaani unaweza kupanda basi kutoka hapa ukaenda ukasimama pale zilipozaliwa. Moja, namba 5918, Mount Gelai, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, nimeipanda mimi na viatu vyangu, nikatoka na mafuta kwenye suruali. Basi hio ndio nimeichonga kwa skeli ya 1 kwa 87, yaani ile ya kweli ni kubwa mara 87, imenichukua miezi 14, na ikikaa mezani ina urefu wa sentimita 36 hivi.

Shida si injini. Shida ni meza.

Nyumba zetu za huku mnazijua. Chumba nilichopewa na mama watoto ni kile kidogo cha juu, kile ambacho ukifungua mlango lazima mtu mwingine atoke. Meza yangu ni mita 2.4 kwa sentimita 60. Sasa pigeni hesabu, kwa skeli hio mita 2.4 ni kama mita 209 za kweli, na zile sentimita 60 ni mita 52. Mita 52! Huo ni uwanja wa shule. Na mimi nataka kutengeneza nyika ya Tsavo, ile sehemu kati ya Voi na Mtito Andei ambayo zamani asubuhi ulikuwa ukiamka kwenye treni unachungulia dirishani, na huoni mwisho, udongo mwekundu, vichaka, mbuyu mmoja, kisha vichaka tena mpaka macho yachoke. Mzungu anayetengeneza reli ya kwao ana raha, nchi yake ina vilima na mahandaki na madaraja na miti mirefu, kila mahali ana kitu cha kufichia ukuta. Nyika haina cha kuficha. Ukiweka nyika kwenye meza ya sentimita 60 unapata bustani.

Ndio nikakumbuka kinyozi.

Mombasa, Majengo, mi nikiwa na miaka kama saba, kulikuwa na kinyozi ameweka kioo mbele na kioo nyuma, na kile kiduka hakikuzidi upana wa godoro mbili lakini ukikaa kitini unajiona umepangwa kama jeshi, vichwa vyangu vimeenda mpaka mwisho wa dunia. Kuna kitu nilikiona siku zile na nikakielewa ukubwani tu, kila kichwa kilikuwa na kijani kuliko kilichotangulia na giza kidogo zaidi, kile cha kumi kilikuwa kama mtu yuko ndani ya bahari. Sababu yake kioo cha kawaida kina madini ya chuma ndani yake, kila mwanga ukipita unaacha kodi kidogo na unapakwa kijani. Kwa hivo kioo kimoja sawa, vioo viwili kutazamana ni kwa kinyozi, usithubutu kwenye reli, utapata Tsavo ya chini ya maji.

(Bibi yangu naye mvua ikianza kunguruma alikuwa anafunika kioo cha kabati kwa leso, ati kinavuta radi. Sijawahi kufunika changu lakini siku za radi siendi kule juu, mnielewe.)

Na mi sikuvumbua chochote. Kuna Mmarekani mmoja, John Allen, alikuwa mpiga picha kule Monterey, California, akajenga kwenye basementi ya nyumba yake reli ndogo aliyoiita Gorre & Daphetid, na ukilitamka hilo jina kwa Kiingereza ni mzaha, linasikika kama "gory and defeated", yaani mwenye damu tele na aliyeshindwa. Milima yake ilianzia chini sakafuni ikapanda mpaka darini. Huyo bwana alikuwa na dinosau wa mfano anaitwa Emma akifanya kazi ya kusukuma mabehewa mahali pa injini, kwa hivo mnaona ni mtu wa aina gani. Na alificha vioo. Kwa vile alikuwa mtu wa kamera alijua jicho la mtu limesimama wapi na linatazama wapi, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukatokea mle ndani ukala karibu kila kitu. Zimebaki picha. Mi huwa nazitazama usiku nikitafuta vioo viko wapi, na vingine mpaka leo vinanishinda.

Sasa makosa yangu. La kwanza. Nilinunua kioo cha kabati, kile kirefu, nikakisimamisha nyuma ya meza chote kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikasema haya, sentimita 60 zimekuwa 120, tumemaliza. Nikarudi nyuma hatua mbili kutazama. Nilichokiona ni tumbo langu. Tumbo langu limesimama katikati ya Tsavo kama mawingu ya masika, nyuma yake hita ya ukutani, na nyuma ya hita mama watoto anapiga pasi.

Nikakaa chini na karatasi na rula, na hapa naomba mnivumilie kidogo, si ngumu. Kioo kilichosimama nyuma kinatazamana na wewe, kwa hivo lazima kikuone, hakina pa kukwepa. Lakini chukua kioo hicho hicho ukisimamishe ubavuni, pale meza inapoishia kushoto, kimetazama urefu wa meza kama ukuta wa chumba. Wewe umesimama mbele ya meza, nje. Ukikitazama unakitazama kwa mshazari, na yeye anakuonyesha vilivyo juu ya meza tu, wewe na jirani yako mko nje ya mlango wake. Mnaweza kusimama watu sita pale mbele na hakuna hata mmoja atakayejiona mpaka mtu ainame juu ya meza. Hio hesabu ilivyokubali nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Basi kioo kikaenda ubavuni. Meza ikawa ndefu, nyika ikaanza kupumua. Na makosa mapya yakaanza, manake kioo hakileti nyika, kioo kinaleta kile ulichoweka mbele yake na kinakileta kwa kinyume.

Niliweka reli ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye kioo, nikaona itaonekana inaendelea. Ikiwa tupu kweli inaendelea, inapendeza mpaka machozi. Sasa washa treni. Mount Gelai inatoka stesheni inakwenda kushoto, na kutoka kwenye kioo inakuja Mount Gelai nyingine, kwenye reli ile ile, kwa mwendo ule ule, uso kwa uso. Shemeji alikuwepo siku hio akafunika macho. Tangu hapo sheria yangu ni kwamba reli haigusi kioo. Yangu inapinda nyuma ya kilima kidogo cha mawe sentimita 25 kabla, treni inapotea kwa heshima, na kinachofika kwenye kioo ni barabara ya vumbi na nguzo za simu, vitu ambavyo havitembei. Na hio barabara ifike pembe mraba, digrii 90 kamili. Ikifika kwa mshazari, ndani ya kioo itarudi kwa mshazari wa upande wa pili na utapata kona ya kiwiko ambayo hakuna dereva angeikata hata wa matatu.

Treni ikienda sambamba na kioo ni habari nyingine, ile inaonekana ni treni mbili kwenye reli mbili zinaenda pamoja upande mmoja. Kwa yadi ya kupangia mabehewa hio ni zawadi, laini tatu zinakuwa sita, mabehewa 12 yanakuwa 24, na hakuna aliyelipia.

Alafu ile ya Kilimanjaro. Mnajua siku ya hewa safi ukiwa Tsavo unauona mlima. Nikachora kwenye ubao wa nyuma, siku tatu nachora, Kibo na barafu yake, Mawenzi pembeni na meno yake, rangi ile ya buluu ya mbali, nikajipongeza. Nikauweka upande wa kushoto karibu na kioo, manake ndiko kwenye nafasi. Wageni wakaja. Mmoja ni Mchaga wa Marangu. Akasimama, akatazama, akanyamaza muda mrefu kama mtu anayetafuta maneno ya adabu, akasema, "Kaka, kwetu upo mmoja."

Kweli. Kilimanjaro mbili zimetazamana kama mapacha, Mawenzi huku na Mawenzi kule. Kwa wiki nzima nilikuwa naona nilichokusudia kuona, yeye kwa sekunde kumi akaona kilichopo. Jicho la mtu linakamata vitu pacha haraka sana, hata asiyejua kuna kioo anahisi kuna kitu, hasemi ni nini lakini anahisi. Wingu likikatwa na kioo linakuwa kipepeo. Kichaka kimoja chenye maua kikiwa karibu na kioo kinakuwa viwili vinavyosalimiana. Kwa hivo karibu na kioo weka vitu ambavyo havina sura, majani makavu, udongo, vichaka vya kawaida vya rangi moja, na sura zako nzuri zipeleke mbali. Mlima wangu sasa uko kulia kabisa, na kioo hakiuoni, manake nimeweka tangi la maji likauziba.

Kuna ujanja mmoja hapo ambao naupenda kuliko yote. Nyumba ukiiweka karibu na kioo, wewe unaona uso wake mmoja na kioo kinaona ubavu wake mwingine, ule ambao wewe kwa macho yako huufikii kabisa. Basi upake rangi tofauti. Duka langu lina ukuta mweupe upande wa watu na ukuta wa kijani na bati lenye kutu upande wa kioo, madirisha pia hayafanani. Ukitazama unaona duka jeupe, na mbele kidogo unaona duka la kijani, na akili yako haikubali kwamba ni jengo moja. Mtu anaweza kukaa hapo nusu saa asijue.

Maandishi ndio yanaharibu. Ndani ya kioo yanasomeka kinyume, kila mtu anajua. Ule ukuta unaoonekana kwa kioo peke yake unauandika kinyume, kama vile wanavyoandika ambulensi kwa mbele, na kioo kinaunyoosha. Lakini kibao kinachoonekana pande zote mbili? Nilihangaika sana na hilo duka, nikajaribu UNGA, nikajaribu CHAI, yote yanageuka matusi. Mama watoto alikuwa anapita na nguo za kufua akasema, bila hata kusimama, "weka ATTA." Fikirieni. A ni ile ile ukiigeuza, T ni ile ile, na neno lenyewe linasomeka mbele na nyuma. Duka langu linauza unga wa atta, kibao kiko mlangoni, na kwenye kioo kinasomeka ATTA. Ameniambia leo nisipomtaja nisirudi nyumbani, kwa hivo nimemtaja.

Kivuli nacho. Taa ukiiweka upande mmoja wa meza, tuseme kulia, vivuli vya kweli vinalala kushoto na vivuli vya ndani ya kioo vinalala kulia, na nchi ina jua mbili. Taa zangu sasa ni mkanda wa LED unaopita juu kwa mbele urefu wote wa meza, vivuli vinalala kurudi nyuma, na ndani ya kioo hivo hivo.

Wacha niwaonyeshe hiki kipande nilichokuja nacho, kipitisheni lakini mshike pembeni, msiguse uso tafadhali. Mnaona ni chembamba, upana kama vidole viwili. Kimetoka kwenye skana ya ofisini iliyokufa, ilikuwa inaenda kutupwa. Kwenye mashine za fotokopi za zamani pia vimo, virefu zaidi. Sasa anayekishika achukue kalamu akaribishe ncha kwenye uso bila kukwaruza. Unaona ncha na picha yake zinagusana? Jaribu na kioo cha bafuni ukirudi nyumbani, hazigusani, kuna nafasi katikati, manake ile rangi ya fedha imepakwa mgongoni mwa kioo na hii imepakwa usoni. Kioo cha unene wa milimita 3 kinaacha pengo la kama milimita 4 kwa jicho. Utasema ni kidogo. Kwa skeli yetu ni sentimita 35, ni mtaro, barabara yako ina mtaro unaoelea hewani na gari haliwezi kupita. Kwa kile kioo changu kikubwa cha kabati nimelificha pengo kwa mstari wa changarawe na nyasi, nikaweka na kalvati. Lakini mahali padogo ambapo mtu anatazama kwa karibu, hiki cha skana hakina mpinzani. (Wengine wananunua vioo vya akriliki, ni vyepesi na havivunjiki, lakini vinajipinda, usipovigundisha vizuri kwenye plaiwudi iliyonyooka nyika yako itakuwa na mawimbi.)

Kipande kingine, ndugu yake hiki, nimekiweka nyuma ya meza. Ndio, nyuma, pale pale nilipoona tumbo, ila safari hii nimekificha chini ya daraja la reli, barabara inapita chini ya daraja na kwa sababu ya kioo inaendelea upande wa pili, kijiji kizima kimejificha kule ambacho hakipo. Na hakinioni, manake kiko chini na macho yangu yako juu. Mtu mzima akitazama kioo kifupi kutoka juu, kinamrudishia udongo wa barabara tu. Nilikipima, nikakaa, nikasimama, hakuna shida, nikaita watu waje.

Binti yangu ana miaka mitano. Akaja, na kwa urefu wake macho yake yako sawasawa na meza. Akatazama chini ya daraja, akanivuta shati polepole, akaninong'oneza, "Baba, kuna mtoto mle ndani. Anatutazama."

Niliweza kuirekebisha. Ukikiinamisha kioo kidogo kwa mbele, digrii mbili tu, kinatazama chini na hakimpati mtu, barabara ndani yake inaonekana inapanda kilima digrii nne, nikaona hata ni vizuri zaidi. Nikaifanya usiku. Asubuhi akaenda kumsalimia rafiki yake, hakumkuta, akalia mpaka chai ikapoa. Nimekirudisha kilivyokuwa. Fundi wenzangu wa treni wa hapa, wazungu wazuri sana, wakija wanainama wanatazama wananiambia kwa upole kwamba kile kioo kinahitaji kuinamishwa, na mi nawaambia najua.

Kuna mama ameniuliza kabla hatujaanza, vumbi je? Mama, vumbi ndio adui mkubwa, manake vumbi juu ya kioo linaonekana linaelea katikati ya hewa ya Tsavo. Kile cha kabati ni siki kidogo kwenye maji na gazeti la jana, kama tulivyofundishwa nyumbani. Hiki cha skana usikifute kabisa, brashi laini ya vipodozi, na pumzi yako uibane.

Naona chai imeingia na watoto wameshaanza sambusa bila sisi. Meza yangu iko wazi Jumapili baada ya saa nane, anayetaka aje. Mkifika simameni popote pale mbele, ila msiiname. Na mwenye mtoto mdogo amlete, amwache atazame chini ya daraja kwanza kabla hamjamwambia kitu.